Ulimi Juu

Jumatano, saa tatu, tumepanda ngazi pale Makupa,
mimi na Zuhura,
ambaye akiulizwa jina shuleni hujibu "Zuhula",
na darasa zima humrudishia.

Bi Salha hana dawa mezani.
Ana kioo cha kunyolea, njiti na asali.
Anachovya, anagusa nyuma ya meno ya juu,
pale ufizi unapoanza kupanda:
"Ulimi uitafute asali. Ncha tu.
Midomo iache ipumzike."

Kisha: da. Da, da.
Da-da-da-da, upesi, upesi zaidi,
kama cherehani inayomalizia suruali ya sikukuu,
mpaka d ichoke, ilegee, iteleze
iwe kitu kingine.
Inateleza. Inakuwa l.
Zuhura anakitazama kioo kama kimemdanganya.

"Baba, msaidie. Sema: chura."

Mimi?
Mimi niliyeshuka Mombasa na sanduku la spana,
siku ya kwanza nikaaga, nimechoka, naenda kurara,
na miaka kumi na minne sasa
gereji nzima ya Changamwe huniita Bwana Rara.
Hata mamake Zuhura, mzawa wa Kuze,
hucheka akigeukia ukuta nisimwone.

"Chura," nikasema.
Bi Salha akainua kidole: "Umesikia?
Hiyo ndiyo. Baba ana r ya kukopesha."
Nikasema tena. Chura, chora, bahari, bahari.
Vidole vya mwanangu vikapanda kooni mwangu,
vikautafuta mtetemo chini ya ndevu,
kama mimi nisikilizapo injini kwa kiganja.

"Na l yangu je?" nikauliza mlangoni, nusu mzaha.
"Hiyo si ugonjwa. Hiyo ni kwenu."

Kazi ya nyumbani: dakika tano baada ya chai,
asikemewe, asichekwe.
Usiku tunabadilishana gizani.
Mimi nampa "rudi", yeye ananipa "lala".
"Ludi," anasema.
"Rara," nasema.
Ukuta wa chumba cha pili unacheka.

Jana tuktuk ilitupita kwa ghadhabu.
Zuhura akaiiga, ulimi juu, mara moja tu:
"Trrr"
akaufunika mdomo kwa mikono miwili
kana kwamba kimemponyoka kitu chenye mabawa.

Sikusema neno. Nilimsimamisha kwa muuza kachiri
nikamwuliza anataka nini.
"Kachili," akasema. "Ya pilipili."
Muuzaji akamfungia, akamwongeza ndimu.