Kipaza Kilichosahaulika

Studio yetu ilikuwa stoo ya magunia ya kahawa.
Kuta tumezivika trei za mayai, mia mbili na kumi,
alizookota Ndeshifose mlango kwa mlango, Majengo nzima,
na bado ukiinama karibu na swichi
unanusa buni, na panya aliyekufa enzi za chama.

Hatulipwi. Hilo liandikwe mapema.
Nauli ya Elinihaki, fundi wetu, ni chenji ya karanga za mama yake.
Mimi ni mwaka wa pili, uhasibu,
na hesabu ninayoijua vizuri ni hii:
wati thelathini, mnara wa mabomba ya maji,
tunasikika hadi daraja la Rau.
Ukivuka daraja tunageuka mvumo,
nyuki ndani ya debe.

Zamu yangu ni Jumanne, saa kumi na moja alfajiri,
saa ambayo hata jogoo wa Kiboriloni anafikiria mara mbili.
Nasoma matangazo kutoka daftari la mistari:
Mbuzi jike, mweusi, sikio la kushoto limekatwa, amepotelea Pasua.
Mfongo wa juu leo ni zamu ya kina Kilawe,
mwisho saa nne, na wasizidishe kama juzi.
Msiba kwa Mzee Ndewario; mazishi Alhamisi, njooni na viti vyenu.
Anayeuza cherehani ya miguu
amwone mama Aikande, nyuma ya mashine ya kusaga.

Jumanne moja ya masika, mvua ikilicharaza bati
hata sauti yangu nikaisikia kama ya jirani,
niliweka wimbo, wimbo ukagoma,
nikadhani nimefunga kipaza.
Sikufunga.

Nikamimina uji wa ulezi. Nikaufyonza kwa kelele,
kama ninywavyo nikiwa peke yangu.
Nikapiga chafya. Nikamtukana fundi, kidogo, kwa upendo.
Nikahesabu ada: laki tatu na nusu bado, mtihani Jumatatu.
Kisha nikasema, wala si kwa mtu,
"Hivi kuna anayesikiliza, au nahutubia trei za mayai?"

Dakika kumi na moja.
Taa nyekundu ilikuwa ikinitazama muda wote.

Saa moja na nusu alifika wa kwanza,
mlinzi wa ghala la mbolea, koti limelowa, rungu kwapani.
Hakuingia. Alisimama mlangoni:
"Uji unywe kwa utaratibu, kijana, utaunguza koo,"
akaenda zake kulala.

Saa tatu, mama Aikande, na sukari nusu kilo:
"Sikusikia kijiko. Unakunywa bila kukoroga,
kwa hiyo unakunywa mkavu."
Mchana vijana wa tanuri la mikate
wakaleta mikate miwili iliyoungua upande mmoja.
"Kosa lako. Tulisimama tukingoja useme jambo lingine."

Na jioni, kutoka ng'ambo ya daraja,
ambako niliapa hatufiki,
akaja mtoto wa darasa la nne, ndala zimejaa tope,
katumwa na bibi yake asiyeona.
"Bibi anasema Jumanne unasikika kama mvua ya mbali.
Maneno hayashiki. Anashika moja moja.
Anauliza, yule mbuzi alipatikana?"

Hakupatikana.
Nilimwambia mtoto, nikampa mkate ule uliopona zaidi,
akarudi na jibu mdomoni, akitafuna.

Redio ina mdomo, haina sikio;
ndivyo nilivyofundishwa siku ya kwanza.
Elinihaki sasa amebandika karatasi juu ya swichi: FUNGA KIPAZA.
Nafunga.
Ila Jumanne, kabla sijafunga, nakoroga,
nagonga kijiko ukingoni mwa kikombe,
mara tatu, taratibu,
mama Aikande ajue sukari bado ipo.