Kivuli Hakikuja

Niliwatoa nje Kidato cha Pili na kamba ya katani,
rula ya mita, na msindano mmoja nyuma ya bwalo:
tuupime kwa kivuli chake.

Mufindi ni Mufindi. Jua halina habari nasi
tangu Jumatatu. Vidole vimekufa ganzi,
na wa nyuma kabisa ananiuliza kama kengele imelia.

Ndipo Otilia Kihwele,
yule ambaye daftari lake nimelimalizia wino mwekundu,
akaenda mbali, akaupa mti mgongo,
akabana sketi magotini, akainama,
akauchungulia katikati ya miguu.

Wakacheka.
Akasogea hatua mbili. Nyingine moja.
"Hapa. Kilele nimekiona. Ukikatwa
utalala mpaka hapa niliposimama.
Baba hufanya hivi kabla hajawasha msumeno."

Tukavuta kamba: mita kumi na tisa, na kiganja.

Pembetatu pacha, nitaandika kesho ubaoni,
nyuzi arobaini na tano.
Leo tumeinama wote, arobaini na watatu,
tai yangu ikining'inia puani,
na misindano yote ya Mufindi
imeota kuelekea chini.