Kinatosha Watu Wangapi

Boksi limekuja na meli ya Jumamosi,
limefungwa gundi ya kahawia mpaka pembeni,
na jina la mama kwa kalamu nene:
BI MIZE SHAAME, FLETI ZA MTEMANI, WETE.
Kulipandisha ghorofa ya tatu
Kombo kapumzika mara mbili.

Ndani mna chai aina saba
na vyakula vya kupika nusu,
kila kiungo na kipakiti chake chenye namba,
kama watoto kwenye foleni ya sindano.

Mie mwalimu, siwezi kuonja bila ya kusahihisha.
Nikachana karatasi ya daftari la darasa la tano,
nikapiga mistari: harufu, rangi, ladha.
Umeme umekatika tangu adhuhuri,
tukateleka birika kwenye seredani.

Ya kwanza nyekundu, wino wangu mtupu.
Kazija wa ghorofa ya chini kasema inakwaruza meno.
Nne.
Ya pili imeandikwa inatuliza mishipa.
Hiyo ndiyo tuliyoigombania kijiko.
Mbili.
Ya tatu mchaichai,
na mchaichai wenyewe uko pale dirishani,
kwenye kopo la rangi, unatutazama.
Nikaipa tano, kwa haya.

Ya nne ina picha ya karafuu na neno Zanzibar.
Mama hakuinywa.
Kakichana kile kifuko kwa kucha,
kamwaga vumbi kiganjani, kanusa,
kacheka mpaka ushungi ukamwanguka.
"Makonyo haya!
Miaka thelathini nachambua usiku kwa taa ya chemni,
karafuu huku, makonyo kule,
leo makonyo yamepanda ndege
yamerudi na koti la dhahabu!"
Kwenye safu ya karafuu nimeandika: hayupo.

Chovya chovya, ya tano, ya sita, ya saba.
Magharibi haijaadhiniwa, buyu limekwisha
na watoto wanapishana chooni.

Pilau nayo inasema dakika kumi na nane, usikoroge.
Mama hapiki kwa saa, hupika kwa sikio:
wali ukinyamaza, umeiva.
Tukafungua namba moja, mbili, tatu.
Namba nne haikuwamo,
au Kombo kaila akidhani ubuyu.
Sufuria likawa tupu kama uwanja wa skuli siku ya mvua,
basi tukaongeza mchele kilo na nusu,
mbatata, kitunguu,
binzari nyembamba ya kwenye chupa ya jamu,
mpaka ile ya pakiti ikawa kama mgeni
aliyekuja harusini hamjui bibi harusi.
Tumekula watu tisa.
Nikaandika nane na nusu,
kisha nikaona siyo haki,
hapo nimejisahihisha mwenyewe.

Usiku Thuwaiba kapiga simu kutoka Toronto.
"Ile pilau vipi, dada?
Ndiyo ninayokula mie nikirudi kazini."
Tamu, nikasema, tamu sana, mwanakwetu.
Mkononi nina ganda la pakiti,
naligeuza kwenye mwanga wa kibatari.
Ubavuni, chini ya habari za maji na moto,
herufi ndogo kuliko sisimizi:
mtu mmoja.

Asubuhi nikamimina chupa ya jamu gazetini.
Mama kachagua karafuu moja moja, zenye vichwa.
Nikafunga vipakiti, nikatia namba,
nikaandika maelekezo alivyoyatamka:
Mdalasini mpaka jirani aulize.
Maji yapite mchele kwa pingili ya kidole,
kidole changu, siyo chako.
Ukinyamaza, epua.

Nikafika mstari wa mwisho.
Kinatosha watu tisa, nikasema.
Mama kaishika kalamu.
"Atawapata wapi hao wanane?"

Meli inang'oa nanga saa nne.
Mstari bado mtupu,
na Kombo keshabeba gundi mlangoni.