Kengele Konani

Nimeziba matairi miaka kumi na tisa
Barabara ya Kumi na Nne, Ngamiani.
Najua tyubu inavyolalamika kabla haijapasuka.
Yangu mimi sikuisikia.

Redio niliibamiza ukutani kwa sababu ya chumvi.
Mlango wa jiko niliung'oa bawaba;
sababu siikumbuki,
bawaba naikumbuka.
Mwanakheri akaokota vipande, kimya,
na ule ukimya wake nao nikaugombeza.

Kisha usiku mmoja, nyuma ya pazia,
nikamsikia Siwatu akimfunza mdogo wake
kama anayemfunza irabu:
"Baba akipiga kengele konani, kaa.
Asipopiga, shika viatu, pitia uani,
nenda kwa bibi Mwanamvua. Usingoje kuitwa."
Ana miaka tisa.
Sikujua kwamba kengele yangu inasomwa.

Bombo niliingia na kofia mpaka kwenye nyusi.
Kwenye benchi, mteja wangu wa Makorora:
"Fundi, nani mgonjwa?"
Nikasema, "Mama."
Mama nilimzika Pongwe, mwaka ule wa mvua nyingi.

Nilitaka sindano. Nilitaka kidonge, kutwa mara tatu.
Mshauri, dada wa Kibondei, kalamu sikioni,
akanipa daftari la kurasa arobaini na swali moja:
"Kabla ya chumvi, kulikuwa na nini?"
Nikasema hakuna.
Hakubishana. Feni ikazunguka, ikazunguka.
Kulikuwa na deni la spea.
Kulikuwa na baba yangu, na mkanda msumarini,
ambao siku nyingi hakuhitaji hata kuushusha.
Nilikuwa nakula huku nikiutazama.

Daftari lina madoa ya grisi.
*Jumatatu. Mteja kagoma kulipa. Nilihesabu spoku, thelathini na sita.*
*Jumatano. Nimeshindwa. Sufuria.*
(Hapo pana mwandiko wa Mwanakheri: *na sahani mbili.*)
*Alhamisi. Sitaki kuandika.*

Leo nimefika konani kifua kimejaa upepo.
Kidole juu ya kengele.
Nikiipiga, nawadanganya.
Nisipoipiga, wanakimbia.
Nikakanyaga pedeli, nikapita mlango wangu kama mpita njia,
ya Kumi na Tano, ya Kumi na Sita, hadi ya Ishirini,
nikarudi, nikapita tena,
nikapita tena,
mpaka meno yakaachana.
Ndipo nikapiga.

Siwatu kafungua mlango nusu, viatu mkononi.
"Nimekuona ukipita mara tatu," akasema.
"Chai imepoa."

Nikaketi. Nikainywa hivyo hivyo, baridi, utando juu,
naye kasimama palepale ananitazama,
viatu bado hajaviweka chini.