Bei ya Mgongo

Alipanda ngazi zangu Februari, theluji begani,
akauliza angali mlangoni:
Mgongo mzima, kiasi gani?
Kama mtu anayeuliza kabichi.

Bi Bogumila, nikamwambia, keti kwanza.
Kwako kuuliza si kununua,
kwangu kujibu si kuuza.
Vua koti. Sweta pia. Geuka.

Miaka sitini na miwili. Mgongo mpana,
bega la kulia limeshuka kidogo,
chini ya mbavu kovu la kisu cha hospitali,
na doa moja jeusi ambalo daktari
ataliona kabla sindano yangu haijaligusa.

Anataka kreni.
Si kreni yoyote: ile ya kijani, namba kumi na nne,
aliyoiendesha miaka ishirini na sita
kwenye kiwanda cha meli hapa Gdynia
mpaka ikakatwa vipande, ikauzwa kwa kilo.
Ameleta picha moja, imefifia,
kidole cha mtu kimeziba kona.

Kisha akatoa utepe wa mshonaji.
Nimepimwa na dada yangu, akasema,
hamsini na tano kwa arubaini. Piga hesabu.
Jirani yake alilipa mia nne kwa waridi la kiganja;
yeye amezidisha waridi kwa mgongo
na jumla ameiandika nyuma ya risiti ya mikate.

Mama, mimi sipimi kama muuza mazulia.
Ngozi siuzi, umekuja nayo.
Wino siuzi: wino wa kreni yako nzima
haufiki bei ya chakula cha mchana.
Nauza siku.
Siku ni saa sita za sindano,
zloti elfu mbili na mia mbili.
Hapa naona siku saba.
Huenda nane,
maana kwenye uti utatetemeka,
na juu ya kovu wino hukaa unavyotaka wenyewe.
Kabla ya hapo, wiki mbili za kalamu ya risasi;
hizo zimo beini, huzioni,
kama msingi wa nyumba.
Arubuni elfu moja na mia tano. Hairudi.
Ukighairi, mimi nimekwisha kuiota kreni yako.

Akanyamaza. Midomo ikahesabu.
Pensheni yake naijua, mama yangu analipwa hiyo hiyo.
Nikaanza kulainika, najijua,
siku sita zikanijia ncha ya ulimi.

Lakini akauliza: Na nikienda chooni?
Unalipa.
Na wewe ukinywa chai?
Ninywapo chai nautazama mgongo wako. Unalipa.

Akacheka, kicheko cha mtu
aliyezoea kushindana na upepo.
Kule juu, akasema, siku moja
nilishinda na bamba la tani themanini likining'inia,
upepo umekataa, nami nimekataa kulishusha.
Msimamizi mpya, kijana wa shati jeupe,
akataka tulipwe kwa tani.
Nikamwambia redioni: Tani zabebwa na kamba.
Mimi nilipe kwa kutoangusha.

Miaka kumi na moja nafanya kazi hii
na sijapata kuieleza bei yangu hivyo.
Nikaandika: siku nane. Moja kila mwezi,
tarehe ya pensheni. Mwezi ukikaza, turuke;
mgongo hauhami.

Akahesabu arubuni mezani,
noti zenye harufu ya kabati.
Zilipungua hamsini. Nikaona.
Akaona nimeona.
Akavua glavu ya pili, hamsini ikadondoka.

Mlangoni akageuka:
Mimi usinichore. Ila kibanda cha juu
kiwe na taa inawaka.

Taa haichorwi, nikamjibu.
Nazungushia giza, katikati
naacha ngozi yako kama ilivyo.

Akafikiri, mkono kwenye kitasa.
Hapo basi, akasema, nipunguzie.