Kioo Hakisafiri

Zihindula ameandika toka Bukavu:
"Lile bango la mieleka, niambie bei. Bei ya mwenzako."
Bei ya mwenzako! Heri angesema bei ya mgeni,
ningetaja dola mia, nikatazama pembeni.

Mwenzako anajua ulikoliokota:
nyuma ya baa iliyofungwa, Kamalondo,
likiziba dirisha lililovunjika.
Anajua ulimpa mlinzi bia moja na ahadi ya nyingine.
Basi unauza nini?
Unauza miaka kumi na moja ya kulikinga na mvua na panya,
ubao wa mulombwa alioranda fundi Mukalay
kwa wiki mbili, akisingizia umeme,
na kioo kilichotoka Kasumbalesa
kimepakatwa njia nzima kama mtoto mwenye homa.

Nikapiga hesabu kwa kalamu ya risasi.
Bango, arobaini. Fremu, thelathini na tano.
Kioo, kumi na tano. Nikafuta, nikaandika kumi,
maana mwaka juzi alinitumia lile la sabuni
na nauli hakuitaja.
Deni la hisani halina risiti,
ila linaijua njia ya nyumbani kwako.

Kule Luano, kijana wa mizigo hakugusa mzani.
Alitoa futi kamba: upana, kimo, unene,
akapima hata hewa iliyo katikati.
"Ndege haiuzi kilo, mama. Inauza nafasi."
Sabini na mbili.
Bango la arobaini lipande ndege kwa sabini na mbili!
"Na kioo," akaongeza, "kikivunjika hatukijui."

Kwa chini je? Treni hadi Kalemie, ikipenda,
meli hadi Uvira, ikiwepo,
kisha milima.
Kioo kingefika unga.

Zihindula akajibu: "Toa fremu, mwenzangu.
Liviringishe, litie kwenye bomba la maji."

Usiku nikalilaza kifudifudi juu ya blanketi,
nikang'oa misumari kumi na sita kwa koleo la jirani.
Nikainua.
Pembezoni, pale ubao ulipokuwa umeilalia karatasi,
mstari wa upana wa kidole,
mwekundu.
Mwekundu wa undu wa jogoo, mwekundu wa kutukana.
Na kati, ile niliyoiita nyekundu miaka yote,
chai iliyomwagika jana.
Nyundo wa Kipushi na mwenzake Baba Radi
walikuwa wakipauka mbele yangu kila asubuhi,
nami nikipuliza kikombe, nasema: wazuri hawa.
Dirisha la mashariki liliwala.
Kioo kilitazama tu.

Nikamwandikia: arobaini si bei yake. Toa ishirini na tano.
Nilikuwa nakuuzia rangi isiyokuwepo.
Nikampigia picha ule mstari, nikaituma.

Siku mbili, kimya.
Nikasema, nimempoteza mnunuzi, na pengine rafiki.
Ya tatu, alfajiri, simu ikalia kitandani:
"Arobaini ni ileile.
Ila pembeni usipunguze hata unyuzi.
Ndipo ninaponunua."

Bomba limepanda ndege kwa dola tisa,
limezibwa mdomo kwa soksi yangu moja.
Ile nyingine sijui niifanyie nini.

Fremu nimeirudisha kwenye msumari wake, tupu.
Ndani yake ukuta una kijani kibichi,
ile aliyoichagua marehemu, tukagombana dukani;
nje yake, chumba kizima ni majivu.

Mukalay amepita kuchukua randa yake.
Kaigonga mbao kwa kidole, kasikiliza.
"Hii tupu, mama Numbi, unaitoa kwa ngapi?"

Nikamuuliza:
na ukuta, utausafirishaje?