Siku ya Nne, Leeuwarden

Kitanda kimeinuliwa kwa matofali manne
mgongo wa Wiepkje usiumie akiinama.
Saa mbili asubuhi. Baiskeli yake ukutani inachuruzika mvua;
mikono kaipasha kwenye kikombe cha chai.

"Nimeshindwa," Sietske anamwambia.
Chuchu zimepasuka, titi limejaa, gumu kama goti.
Jelmer anashika, anaachia, analia,
na usiku Douwe alisoma maelezo ya kopo la maziwa ya unga
mara tatu, asilifungue.

Wiepkje hasemi vumilia.
Anakanda kwa kitambaa cha moto, anakamua tone,
anamgeuza mtoto tumbo kwa tumbo, pua ielekee chuchu.
"Ngoja apanue. Bado. Kama mtu anayepiga miayo."

Sasa.

Sietske anauma shuka. Moja, mbili, tatu,
maumivu yanalegea.
Kisha kisauti kooni: gu.
Kimya.
Gu.

Douwe yuko mlangoni na sahani ya biskuti za anisi,
haukanyagi ule ubao unaolia.

"Wewe nani alikufundisha?"
"Wangu wa kwanza alinishinda siku ya tatu," anasema Wiepkje.
"Hakuja mtu."
Anaandika daftarini: kushoto, dakika kumi na moja.